Ni ya Nani Sanamu Hii? Kuzisoma Sarafu za Roma, Waparthi na Bizanti

(Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni mbele ya Waswahili wapenda historia hapa London. Treni zilikwamisha wengi, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, ila picha za ukutani hazimo.)

Wazee wangu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliokaa karibu na birika la chai: shikamooni, asalaam aleikum, habari za jioni.

Nusu yenu mmelisikia swali hili tangu utotoni. Liko kwenye Injili ya Mathayo, sura ya 22. Watu wanakuja kumtega Yesu kwa habari ya kodi, anawaambia wamwonyeshe sarafu ya kodi, wanamletea dinari. Naye anawauliza: "Ni ya nani sanamu hii, na anwani hii?"

Hakuuliza bei yake. Hakuuliza kama ni adimu. Aliuliza uso ni wa nani na maandishi yanasema nini. Kila mtu anayekusanya sarafu za kale, awe na moja au elfu, anafanya kazi hiyo hiyo: anaishika, anaigeuza kwenye mwanga, anauliza sanamu ya nani, anwani ya nani. Jioni hii nitayafuata maswali hayo mawili kwa Warumi, kwa Waparthi na kwa Bizanti, yaani dola ya Roma ya mashariki iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli. Kisha nitaongeza la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, na ndilo ambalo wauzaji wengi wangependa msiliulize.

Tuanze na dinari yenyewe. Wataalamu wengi huamini ilikuwa ya Kaisari Tiberius, aliyetawala kuanzia mwaka 14 hadi 37. Ni kipande cha fedha cha gramu 3.7 hivi, kidogo kuliko mnavyodhani. Kuzunguka kichwa chake kumeandikwa TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS, yaani Tiberius Kaisari, mwana wa Augustus aliye mungu, naye mwenyewe Augustus. Mwana wa mungu! Sasa mnaona kwa nini sarafu hiyo iliwachoma Wayahudi wacha Mungu? Ubishi wote ule ulikuwa umeshaandikwa kwenye fedha kabla mtu hajafungua mdomo.

Mnasema, "Mwalimu, hizo herufi zinatisha." Hazitishi. Warumi walikatakata maneno kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo, na vifupisho vyenyewe ni vichache, vinarudi rudi. IMP ni amiri jeshi. AVG ni Augustus, jina la Kaisari wa kwanza lililogeuka cheo cha waliomfuata. Msishangae kuiona V, ndiyo U yao. P M ni kuhani mkuu. COS ni konsuli, ofisa mkuu wa dola. TR P ni mamlaka ya mtetezi wa raia. Na P P, pater patriae, ni Baba wa Taifa. (Naona Watanzania mnacheka. Ndiyo, cheo hicho Augustus alipewa mwaka 2 kabla ya Kristo.)

Kwa nini nawachosha na vyeo? Kwa sababu vyeo ndiyo kalenda. Mamlaka ya TR P yalihesabiwa upya kila mwaka, kwa hiyo penye namba baada yake mna mwaka wa utawala mkononi. Ukonsuli nao ulihesabiwa. Mchukueni Kaisari Traianus. Dinari yake ikisema COS V, imepigwa kati ya mwaka 103 na 111. Ikisema COS VI, ni kuanzia 112 hadi alipokufa 117. Herufi moja tu, I, inakuvusha kutoka muongo mmoja hadi mwingine. Mtu aliyeketi jikoni kwake na kioo cha kukuzia cha pauni chache anaweza kuitia sarafu tarehe kwa uhakika kuliko vyungu vingi vinavyochimbwa na maprofesa.

Ila msisome maandishi mkasahau madini. Mzani mdogo wa jikoni, ule unaopima sehemu za gramu, ni rafiki yenu. Nero mwaka 64 aliipunguza dinari uzito na fedha iliyomo. Waliomfuata wakaendelea kuchota. Mwaka 215 Caracalla akatoa sarafu mpya ambayo kichwa cha Kaisari kimevaa taji lenye miali kama ya jua. Inaonekana ilihesabiwa kuwa dinari mbili, ila haikuwa na fedha ya dinari mbili. Mkiona taji la miali kwenye sarafu ya aina hiyo, mmeshajua mko karne ya tatu. Ikifika kwa Claudius wa Pili, miaka ya 268 hadi 270, fedha iliyobaki haifiki hata asilimia 5. Ni shaba iliyopakwa weupe. Mfumuko wa bei mnaousoma kwenye vitabu mnaweza kuupima mezani, kwa rangi na kwa gramu.

Jambo moja kuhusu mji huu tuliomo. Chini ya miguu ya sanamu iliyo upande wa pili, sarafu za karne ya nne zina herufi za kiwanda kilichozipiga. Mkiona PLN au PLON kwenye sarafu ya Constantinus, imepigwa hapa hapa London, kwenye kiwanda kilichofungwa mwaka 325. Sarafu hizo za shaba si ghali. Kama mnatafuta pa kuanzia, anzieni hapo.

Sasa twende mashariki, ng'ambo ya Frati. Waparthi mnawakumbuka? Siku ya Pentekoste, kwenye Matendo ya Mitume, ndio wanaotajwa kwanza: "Waparthi na Wamedi na Waelami." Walitawala Uajemi na Mesopotamia tangu karibu mwaka 247 kabla ya Kristo hadi mwaka 224 baada yake, na wakaisumbua Roma sana upande ule. Mwaka 53 kabla ya Kristo walimuua jemadari wa Roma, Crassus, pale Carrhae na kuziteka bendera za vikosi vyake. Augustus alizirudisha mwaka 20 kabla ya Kristo kwa mazungumzo, bila vita, halafu akapiga sarafu inayoonyesha Mparthi amepiga magoti akitoa bendera. Propaganda, ndugu zangu, haikuanza na redio.

Sarafu za Waparthi wenyewe ni mtihani mwingine. Drakma yao ya fedha ina gramu kama 4. Upande mmoja kichwa cha mfalme, mara nyingi kikitazama kushoto. Upande wa pili mpiga mshale ameketi na upinde wake. Karne kwa karne, mfalme kwa mfalme, mpiga mshale yule yule. Na maandishi? Kwa Kigiriki: Mfalme wa wafalme, Arsakes, mfadhili, mwadilifu, aliyedhihirika, mpenda Wayunani. Vizuri. Huyu ni Arsakes yupi? Hapo ndipo pana kazi, kwa sababu karibu kila mfalme alijiandika Arsakes, jina la mwasisi wa ukoo. Anwani inakunyima jibu.

Basi turudi kwenye sanamu. Tazama ndevu: fupi, ndefu, au zimechongoka? Tazama kichwani: kilemba cha utepe au kofia ndefu yenye vito? Tazama shingoni, nyuma ya kichwa, nyota iko wapi, mwezi uko wapi. Tazama hata paji la uso, maana Orodes wa Pili, ambaye jeshi lake ndilo lililomwangamiza Crassus, ana chunjua kwenye paji lake, na chunjua hiyo inaonekana tena kwa wafalme wa ukoo wake. Mchongaji hakuificha. Miaka zaidi ya elfu mbili baadaye madaktari bado wanajadiliana ni ugonjwa gani wa kurithi. Mimi napenda ukweli huo kuliko nyuso laini za Augustus, ambaye kwenye sarafu hazeeki hata siku moja.

Kadiri miaka inavyosonga, Kigiriki kinaharibika. Mafundi wanaiga maumbo ya herufi ambazo hawazijui tena, hadi yanabaki mistari mistari tu. Hapo msiumize kichwa kuyasoma. Uharibifu wenyewe unawaambia kuwa sarafu ni ya zama za baadaye. Ila kuna sarafu kubwa za Seleukia, mji wa ukingoni mwa Tigrisi, ambazo zimeandikwa mwaka kwa herufi za Kigiriki, wakati mwingine hata mwezi. Hesabu yao inaanza mwaka 312 kabla ya Kristo. Mnahitaji jedwali la herufi na kutoa tu.

Niwasimulie kuhusu mwanamke mmoja, kisha tuwaache Waparthi. Mwanahistoria Josephus anaeleza kwamba Augustus alimpelekea mfalme Phraates wa Nne zawadi: kijakazi wa Kiitalia aitwaye Musa. Mfalme akampenda. Musa akamzalia mwana, akapanda cheo kutoka suria hadi mke, akashauri wana wengine wa mfalme wapelekwe Roma wakae huko. Wakaenda. Njia ikawa nyeupe. Mwaka 2 kabla ya Kristo mzee akafa, na kwa maneno ya Josephus aliuawa na mama na mwana. Mtasema hayo ni maneno ya adui? Huenda. Lakini chukueni drakma ya mwana huyo. Upande mmoja ni yeye. Upande wa pili mpiga mshale hayupo! Mahali pake yuko Musa, na kofia ndefu ya kifalme, na maandishi yanayomwita malkia, mungu wa kike wa mbinguni. Josephus anaweza kuwa alitia chumvi kwenye mauaji. Kwenye cheo cha Musa hakutia, maana fedha inamshuhudia.

Bizanti, kwa anayeanza, ni rahisi kuliko wote wawili, na sielewi kwa nini watu huiogopa. Mwaka 498 Kaisari Anastasius alifanya jambo la busara sana: aliandika thamani ya sarafu ya shaba juu ya sarafu yenyewe, herufi kubwa katikati. M ni 40, yaani sarafu ndogo kabisa arobaini. K ni 20. I ni 10. E ni 5. Hizo ni tarakimu za Kigiriki. Mtoto wa darasa la pili anaweza. Chini ya mstari mna mji: CON ni Konstantinopoli, NIKO ni Nikomedia, THEUP ni Antiokia, ambayo ilibadilishwa jina kuwa Mji wa Mungu baada ya tetemeko la mwaka 528. Na Justinianus aliongeza kitu kimoja. Kuanzia mwaka wa 12 wa utawala wake, yaani 538 hadi 539, upande wa kushoto wa ile M inasomeka ANNO, na upande wa kulia namba ya mwaka. Sarafu hizo za mwaka wa 12 na 13 ni nzito, nyingine zinapita gramu 20. Ukiishika unahisi umeshika kitu.

Kisha linganisheni na za Heraclius, aliyetawala 610 hadi 641. Shaba zake nyingi ni aibu: sarafu kuukuu za wafalme waliotangulia zimegongwa chapa mpya juu ya ile ya zamani, na unaweza kuona uso mmoja ukichungulia chini ya mwingine. Kwa nini? Jibu wengine kati yenu mnalisoma kwenye Qur'ani, Surat ar-Rum. Warumi wameshindwa katika nchi iliyo karibu, nao baada ya kushindwa kwao watashinda. Warumi hao ndio hawa wa Bizanti. Waajemi waliiteka Yerusalemu mwaka 614. Mwaka uliofuata Heraclius akatoa sarafu nzito ya fedha yenye maneno ya Kilatini: Deus adiuta Romanis. Mungu, wasaidie Warumi. Vyombo vya fedha vya makanisa vilichukuliwa na kuyeyushwa kulipia vita hivyo. Aya na sarafu ni za kizazi kimoja, zinazungumza juu ya vita vile vile, moja kutoka Makka, nyingine kutoka Konstantinopoli. Nani angefikiri?

Miongo michache baadaye, Justinianus wa Pili akaweka sura ya Kristo kwenye dhahabu, yeye mwenyewe akahamia upande wa pili. Kisha mwaka 77 wa Hijra, sawa na 696 au 697, Khalifa Abd al-Malik akatoa dinari ya dhahabu isiyo na mtu yeyote. Shahada, aya, na mwaka. Sanamu ikaondoka, ikabaki anwani peke yake.

Nilisema kuna swali la tatu. Kabla yake, neno kuhusu bandia, maana najua mnalisubiri.

Kuna bandia za leo na kuna bandia za zamani. Warumi wenyewe waligushi: shaba ndani, ngozi nyembamba ya fedha nje. Hizo wakusanyaji wanazipenda, nami mmojawapo. Zinazoumiza ni za baadaye. Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyefariki 1830, alichonga mamia ya mihuri ya chuma ya kupigia sarafu za kale, kazi nzuri mno. Tatizo lake lilikuwa upya: sarafu ziling'aa. Basi alizitia kwenye sanduku lenye unga wa chuma na mafuta, akalifunga kwenye gari lake la farasi, akaenda nalo matembezini mpaka zizeeke. Mbinu imebadilika, tamaa haijabadilika. Tazameni ukingo: sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huacha mshono, na usoni huwa na vishimo vidogo vya hewa. Pimeni uzito. Na mkiona sarafu mbili zenye mkwaruzo ule ule mahali pale pale, kimbieni zote mbili. Tena nawasihi: msizisugue. Ngozi ya kijani au kahawia iliyojengeka kwa karne nyingi ikitoka hairudi. Unga wa kijani hafifu unaomong'onyoka ni ugonjwa; sarafu hiyo itengeni na mpelekeeni fundi anayejua.

Sasa swali la tatu. Ilitoka wapi?

Oktoba 2020, kwenye mnada hapa London, sarafu ya dhahabu ya Brutus iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 2.7. Brutus yule aliyemchoma kisu Yulio Kaisari. Upande mmoja uso wake; upande wa pili majambia mawili, katikati yake kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, na chini EID MAR, yaani 15 Machi, tarehe ya mauaji. Cassius Dio, mwanahistoria wa kale, aliieleza sarafu hiyo hiyo kwa maneno yake. Za dhahabu zinazojulikana ni tatu tu duniani. Sanamu ya nani? Brutus. Anwani? Inasomeka. Ilitoka wapi? Waliambiwa, kwenye mkusanyo wa zamani wa Ulaya. Hadithi hiyo ilikuwa ya kubuni. Machi 2023 sarafu ilirudishwa Ugiriki bila kelele za nyundo ya dalali, na aliyeinunua hakubaki nayo.

Sikilizeni na hii. Mwaka 1900, magharibi mwa Ufaransa, ilipatikana sarafu ya Kaisari aitwaye Domitianus, wa karne ya tatu, ambaye vitabu vilikuwa havimjui kama mtawala. Wataalamu wakasema bandia. Ikakaa na aibu yake miaka zaidi ya mia. Mwaka 2003 mtu mwenye kifaa cha kutafutia vyuma alikuta chungu huko Chalgrove, karibu na Oxford, chenye sarafu kama 5,000 zilizogandana. Hakuzigawa, hakuuza moja moja mtaani. Zikapelekwa British Museum, zikatenganishwa pole pole, na katikati ya ule mgando akatoka Domitianus mwingine, aliyepigwa kwa mihuri ile ile. Nani angeweza kupenyeza bandia ndani ya donge lililoshikana tangu karne ya tatu? Mtu akarudishwa kwenye historia, mtawala wa mwaka 271, labda wa siku chache tu. Kilichomrudisha ni chungu. Mngeniletea sarafu ile bila chungu, nami ningesema bandia.

Na kwetu je? Huko Bur Gao, pwani ya kusini mwa Somalia, mwanzoni mwa karne ya 20 ofisa wa Kiingereza alisema amepata sarafu za Misri ya akina Ptolemaio, wale wafalme wa Kigiriki, za Roma, na nyingine za karne nyingi baadaye. Ingekuwa habari kubwa kwa pwani yetu, kwa sababu tunajua mabaharia wa Bahari ya Sham walifika huku. Kitabu chao cha safari cha karne ya kwanza kinaitaja Rhapta, bandari ya pwani hiyo. Lakini hakuna aliyechimba kwa utaratibu, hakuna tabaka la udongo lililoandikwa, na mchanganyiko wenyewe wa zama una walakini. Hadi leo wataalamu wanaitilia shaka, na mimi niko upande wao. Kwa upande mwingine, sarafu moja ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, na kishaba hicho kimoja kinabeba hoja nzima ya biashara ya dhahabu.

Kwa hiyo mkinunua, dai karatasi. Risiti ya mnada wa zamani, kadi ya mkusanyaji, namba ya usajili wa kilichookotwa. Dalali akiwajibu "familia ya zamani ya Uswisi" na akaishia hapo, funga pochi. Hapa Uingereza sheria ya mwaka 1996 inataka sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zilizofukiwa pamoja, zenye umri uliozidi miaka 300, ziripotiwe ndani ya siku 14. Nyumbani, Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Kenya ina ya 2006. Mjomba akikupigia simu kutoka Kilwa au Lamu kwamba amelima akakuta sarafu, usimwambie akutumie kwa posta. Mwambie asiondoe kingine, apige picha ya shimo kabla ya sarafu, akawaite watu wa makumbusho.

Nimeleta tatu, zote zina karatasi zake. Moja ni ya Constantinus yenye PLON, ya pili drakma ya Mparthi, ya tatu ni M kubwa ya Justinianus. Mzani uko mezani, kioo kiko mezani. Shikeni kwa ukingo, juu ya kitambaa, kikombe cha chai kiwe mkono mwingine na mbali. Nimezifunika lebo. Drakma sitawaambia ni ya mfalme gani mpaka mtu anitajie ndevu, kofia na chunjua. Karibuni, wazee kwanza.